Timu ya chuo chetu: imekufa au imelala?

Ninaishi Kimbo, kando ya barabara kuu ya Thika. Nasema Kimbo mtaa wa Ruiru, wala si Kimbo ya kukaangia mandazi, maana kila nikitaja ninakokaa mbele ya wageni hakosi mmoja wa kucheka. Hapa kwetu Jumamosi alasiri ni wakati wa kufua, kusuka nywele na kuwangojea watoto walio vyuoni waje kula chakula cha nyumbani kisha waombe nauli ya kurudia.

Jumamosi moja binti yangu, kifungua mimba, aliteremka kwenye matatu akaja moja kwa moja hadi mlangoni bila kuwasalimia majirani, jambo ambalo si desturi yake. Aliweka mkoba chini, akatoa simu, akaniwekea picha mbele ya macho.

"Baba," akaniuliza, "huyu ni nani?"

Nikavaa miwani. Ilikuwa picha ya zamani ambayo yeye ameipiga ikiwa imetundikwa ukutani, katika bwalo la chuo anakosoma. Chuo hicho ndicho nilichosoma mimi pia. Vijana kumi na wawili walikuwa wamesimama nyuma ya kombe, kaptura zao fupi mno na nywele zao nyingi mno. Wa pili kutoka kushoto, aliyekumbatia mpira kana kwamba kuna mtu anataka kumnyang'anya, alikuwa mimi.

"Kumbe ni kweli," akasema. "Nilidhani ni hadithi zako tu."

Nilitaka kucheka, lakini nilipomtazama usoni niliona hajaja kwa mzaha. Aliketi, akanieleza. Yeye ndiye nahodha wa timu ya wasichana ya mpira wa vikapu. Wamebaki sita. Wavulana ni saba. Vyuo vingine vikipangiwa mechi nao husema vimepewa pointi za bure. Na sasa mkuu wa michezo amewaambia wazi kwamba huu ndio mwaka wa mwisho. Timu zisipoonyesha kwamba zinaweza kumaliza msimu, uwanja utageuzwa kuwa maegesho ya magari.

"Baba, niambie ukweli," akasema. "Timu iliyoanguka namna hii inaweza kuinuka tena, au tunapoteza wakati? Wenzangu wananingoja mimi. Nikisema tuache, wataacha."

Msomaji mpenzi, wewe ungemjibu nini? Mimi sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe wiki moja.

Hebu nikurudishe nyuma kidogo ili uelewe kilichonizuia. Chuo chenyewe sitakitaja, maana sitaki kukiaibisha, na isitoshe kisa chake ni kisa cha vyuo vingi. Nilijiunga nacho mwaka 1988. Uwanja wetu ulikuwa wa lami, nyuma ya bwalo, na mistari yake tuliipaka rangi wenyewe kila muhula. Jumba la michezo hatukuwa nalo. Mvua ikinyesha tulifagia maji kwa mifagio ya jikoni, na jua likiwaka nyayo zilitutokota ndani ya raba. Lakini timu za Nairobi zilipokuja kwetu zilikuja zikijua kwamba huenda zikarudi mikono mitupu. Wasichana wetu nao walikuwa moto wa kuotea mbali. Siku ya mechi wanafunzi walibeba viti vya bwalo hadi kando ya uwanja, wengine wakapanda juu ya matangi ya maji, na wapishi wakaharakisha kuzima meko ili nao wasipitwe.

Aliyetufunza hakuwa kocha wa kulipwa. Alikuwa mhadhiri wa hesabu, mtu mfupi, ambaye sidhani aliwahi kucheza mpira huo hata siku moja. Sote tulimwita Mwalimu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tulimkuta uwanjani na kipenga chake na daftari lenye jalada la kijani. Ndani ya daftari hilo aliandika kila kitu: mazoezi ya siku, makosa ya kila mechi, viatu vya nani vimetoboka, nani ameanguka mtihani na anahitaji kusaidiwa.

Kurasa za nyuma zilikuwa na orodha ya jozi. Kila mchezaji wa mwaka wa tatu alikabidhiwa mmoja wa mwaka wa kwanza. Huyo mgeni asipojua kudunda mpira kwa mkono wa kushoto baada ya muhula mzima, aliyewekwa benchi ni wewe mkubwa, si yeye. Tulimwona Mwalimu kuwa mkali kupita kiasi. Na kila nahodha alipomaliza masomo, alimkabidhi nahodha mpya lile daftari mbele ya timu nzima, na jina la mpokeaji likaandikwa ndani ya jalada, chini ya jina la aliyemtangulia. Jina langu lilikuwa la mwisho katika orodha hiyo.

Nasema la mwisho kwa sababu lilikuwa la mwisho kweli. Mwaka 1991, wiki chache kabla ya siku ya kukabidhiana, kulizuka ghasia za wanafunzi na chuo kikafungwa. Tulipewa saa chache tu kufungasha virago. Nilitia daftari ndani ya sanduku la bati pamoja na vitabu na blanketi, nikapanda basi. Miezi kadhaa baadaye sisi wa mwaka wa mwisho tuliitwa kufanya mitihani tu, kisha tukaenda zetu. Nilijiambia nitalipeleka daftari wiki ijayo. Wiki ijayo nikapata kibarua. Mwezi uliofuata nikapata kazi, kisha mchumba, kisha nyumba ya kupanga. Sanduku lile limehama nami mara nne, na sasa liko chini ya kitanda hapa Kimbo.

Chuoni nako mambo yalikwenda mrama. Mwalimu alihamishwa, akastaafu, na sasa ni marehemu. Wanafunzi waliongezeka, uwanja wa mazoezi ukajengwa mabweni. Wahadhiri ambao zamani wangebaki jioni kutazama vijana wakicheza, sasa jioni wanafundisha madarasa ya ziada. Ringi moja ilivunjika ikakaa hivyo miaka. Pesa zilipopungua, za michezo ndizo zilizokatwa kwanza. Sisi wachezaji wa zamani tulipokutana katika harusi na matanga, tulitikisa vichwa na kuulaumu usimamizi. Mimi nililaumu kwa sauti kuliko wote.

Jumamosi ile, kwa mara ya kwanza, nilimtolea binti yangu daftari. Alilifungua polepole, akasoma orodha ya manahodha, akafika kwenye jina langu na nafasi tupu iliyo chini yake. Alinyamaza kwa muda.

"Samahani, Baba," akasema, "lakini basi si usimamizi peke yake ulioiua timu."

Sikumjibu. Mtoto akikuambia ukweli kwa adabu huna hata pa kukasirikia.

Wiki ile nilihangaika kutafuta mifano. Nilitaka kujua kama kuna mahali popote duniani ambapo timu ya chuo iliyokuwa kileleni iliporomoka, kisha ikapanda tena. Huko Marekani mpira wa vikapu wa vyuo ni jambo kubwa, linalojaza viwanja vikubwa. Nikaona nianzie huko, na mtu aliyenipeleka ni mwenzetu wa Afrika Mashariki.

Bila shaka unamkumbuka Hasheem Thabeet, yule kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa ligi ya kulipwa ya NBA, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza huko. Kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka huo huo alikisaidia kufika katika timu nne bora za vyuo vya Marekani. Connecticut kilikuwa chuo cha kuogopwa. Chini ya kocha Jim Calhoun, aliyekaa hapo kuanzia 1986 hadi 2012, kilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1999, 2004 na 2011. Alipostaafu, mchezaji wake wa zamani Kevin Ollie alishika usukani na kutwaa ubingwa mwingine mwaka 2014.

Kisha ukaja mteremko. Kwa kweli ufa ulikuwa umeanza kuonekana hata kabla ya ubingwa huo, maana mwaka 2013 timu ilizuiwa kushiriki michuano ya mwisho wa msimu kwa sababu matokeo ya masomo ya wachezaji wake hayakutosha. Ligi yao ya zamani ilivunjika, wapinzani waliozoeana nao kwa miaka wakatawanyika. Ilipofika 2017 na 2018 timu ilimaliza misimu miwili mfululizo ikiwa imefungwa mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Wakasema wajuao kwamba Connecticut imekwisha.

Mwaka 2018 aliletwa kocha mpya, Dan Hurley. Unadhani alishinda mara moja? La hasha. Msimu wake wa kwanza alishinda mechi 16 na kupoteza 17. Mwaka 2020 chuo kilirudi katika ligi yake ya awali, ya Big East. Mwaka 2021 timu ilifika michuano ya taifa, ikatolewa katika mechi ya kwanza. Mwaka 2022 ikatolewa tena katika mechi ya kwanza. Kwingine kocha huyo angekuwa amekwisha kufukuzwa. Hapo aliachwa aendelee. Mwaka 2023 akatwaa ubingwa, na mwaka 2024 akautwaa tena.

Nilifurahi sana kusoma hayo, nikataka kumpigia binti yangu simu usiku ule ule. Lakini haki ni kutazama pande zote mbili. Kuna chuo cha UCLA cha California ambacho chini ya kocha John Wooden kilitwaa ubingwa mara 10 katika miaka 12, kuanzia 1964 hadi 1975. Tangu Wooden astaafu, chuo hicho chenye jina, pesa na uwanja mzuri kimeongeza ubingwa mmoja tu, wa mwaka 1995. Na kuna City College cha New York, ambacho mwaka 1950 kilitwaa makombe yote mawili makubwa ya vyuo katika msimu mmoja, jambo ambalo hakuna chuo kingine kilichowahi kulifanya. Mwaka uliofuata ikagunduliwa kwamba baadhi ya wachezaji walikuwa wamehongwa na wacheza kamari ili wapange matokeo. Chuo hicho hakikurudi tena kileleni. Leo kinacheza katika daraja la tatu.

Kwa hiyo jibu la dunia ni kwamba kuna anayeinuka, kuna anayengoja miaka na mikaka, na kuna asiyerudi kamwe. Pesa na jina peke yake havitoshi, la sivyo UCLA ingekuwa bingwa kila mwaka.

Basi nikarudi nyumbani kwetu Kenya. Mwaka 1993 mashindano ya mataifa ya Afrika ya mpira wa vikapu yalifanyika hapa Nairobi. Angola walitwaa kombe, nasi Kenya tukamaliza nambari 4. Nilikuwa na kazi changa na mshahara mdogo, lakini niliamini kwamba miaka miwili baadaye tungekuwa wa tatu, halafu wa pili. Kumbe hatungeonekana tena katika fainali hizo kwa miaka 28! Watoto walizaliwa, wakasoma, wakaoa, Kenya ikiwa nje.

Kisha Februari 2021, mjini Yaoundé, Kenya ikacheza na Angola, waliokuwa wamelitwaa kombe hilo la Afrika mara 11. Muda ulikuwa ukiyoyoma pale Tylor Ongwae aliporusha mpira wa mwisho. Ukaingia. Kenya 74, Angola 73. Timu yetu, ikiongozwa na mama mmoja kutoka Australia, kocha Liz Mills, ikafuzu kwenda Kigali mwaka huo. Niliitazama video ya mpira ule mara nyingi hadi mke wangu akaniuliza kama nangojea utoke nje.

Lakini tusidanganywe na mpira mmoja. Kabla ya Yaoundé kulikuwa na mwaka 2019, ambapo Kenya ilifika fainali ya mashindano ya AfroCan kule Bamako na kufungwa na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mti hauangushwi kwa shoka moja, wala hauoti kwa mvua moja.

Nikisema mti nakumbuka kahawa. Sisi wa Ruiru tumeizungukwa nayo tangu zamani, ingawa sasa mashamba mengi yameota nyumba za kupanga. Kituo cha utafiti wa kahawa kiko papa hapa Ruiru, na aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, imebeba jina la mji wetu. Marehemu babangu alikuwa na mashina machache ya kahawa kule Murang'a. Yalipozeeka na kuzaa punje mbili tatu, majirani walimshauri ayang'oe. Yeye alichukua msumeno, akayakata karibu na ardhi, yakabaki visiki. Mama alilia. Visiki vikatoa machipukizi mengi, naye akayapogoa yote akaacha mawili au matatu kwa kila kisiki. Kwa misimu miwili hatukuchuma kitu. Kisha mbuni zikazaa kama zamani. Nilipomuuliza alijuaje kwamba zitachipua, aliniambia kwamba alichimbua kwanza akatazama mizizi.

Basi nikajiuliza: mizizi ya timu ya chuo ni nini? Si uwanja, kwa maana uwanja hujengwa. Si kombe, kwa maana letu limeshika kutu. Mizizi ni mkubwa kumshika mdogo mkono, na huyo mdogo naye kuja kuwa mkubwa kwa mwingine. Siku mkono huo ulipoachwa, timu ilianza kufa, hata kama iliendelea kushinda mwaka mmoja au miwili kwa nguvu za zamani. Na mmoja wa walioachilia mkono ni mimi.

Nilipomweleza mke wangu kwamba nataka kwenda chuoni kusaidia, hakupiga makofi. "Baba watoto," akasema, "karo ya muhula huu tumeimaliza juzi kwa kukopa. Sasa wataka kununua mipira? Na huyu mtoto akianguka mitihani kwa sababu ya vikapu, nitamuuliza nani?"

Alikuwa na haki. Nikamweleza kisa cha Connecticut cha mwaka 2013, jinsi timu kubwa vile ilivyozuiwa kucheza kwa ajili ya masomo. Tukakubaliana mambo mawili. Kwanza, binti asikose kipindi hata kimoja cha darasa kwa sababu ya mazoezi. Pili, pesa za nyumba hazitaguswa. Nikitaka mpira niuchangishe kwa wale kumi na wawili wa kwenye picha.

Nikaanza kupiga simu. Kati ya kumi na wawili, wawili wametangulia mbele ya haki. Wanne wako ng'ambo. Mmoja alisema ana shughuli, mwingine akasema timu ilikwisha zamani na nisimsumbue. Waliokubali kuja walikuwa wawili: fundi wa kuchomelea vyuma ambaye ana karakana Githurai, na mwalimu mstaafu wa shule ya upili. Lakini aliyenishangaza ni mama mmoja aliyekuwa nahodha wa wasichana enzi zetu, ambaye sasa ni muuguzi. Niliposema jina langu tu kwenye simu, alidakia:

"Wewe! Si ndiwe ulitoroka na daftari?"

Miaka yote ile hakuwa amesahau. Nikaomba radhi. Akasema radhi ataipokea uwanjani, Jumamosi saa mbili asubuhi, na nisichelewe.

Jumamosi ile tulifika wanne. Uwanja ulikuwa na nyufa ambazo nyasi zimeota. Yule fundi alikuja na mashine yake, akaichomelea ringi iliyovunjika, akaweka na nyavu mpya. Mwalimu mstaafu alipaka mistari rangi. Muuguzi yule aliwakusanya wasichana sita, na kabla ya kuwapa mpira aliwauliza swali moja: kila mmoja wenu anaweza kuleta msichana mmoja wa mwaka wa kwanza? Si lazima awe mrefu, wala awe anajua kucheza. Awe tu mtu anayekuja akisema atakuja.

Mimi nilisimama mbele ya watoto wale nikiwa na daftari mkononi. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilinikwama kooni. Nilisema tu kwamba kitu hiki ni chenu, na nimechelewa kukileta. Kisha nikamkabidhi nahodha, ambaye ni binti yangu, naye akakipokea kwa mikono miwili kama mtu asiyenijua.

Najua unataka kusikia kwamba mechi ya kwanza walishinda. Hawakushinda. Walifungwa 61 kwa 28. Nilikuwa kando ya uwanja, nikaona vijana wa timu pinzani wakicheka. Mechi ya pili walifungwa pia, na ya tatu. Ya nne walifungwa kwa tofauti ya pointi 4, na usiku huo binti yangu alinipigia simu akilia. Nilipomtuliza akasema halii kwa kushindwa. Analia kwa sababu kwa mara ya kwanza walikuwa wameshindwa mechi ambayo wangeweza kuishinda.

Msimu umekwisha. Wameshinda mechi tatu. Ni chache, lakini walimaliza msimu wote bila kukosa kufika uwanjani hata mara moja. Wasichana sasa ni kumi na wanne, na wavulana, ambao hawakutaka kuachwa nyuma, wamekuwa kumi na mmoja. Mkuu wa michezo hajaufuta mpango wa maegesho. Amesema atangoja mwaka mmoja zaidi. Simlaumu. Naye ana watu wanaomdai mahali pa kuegesha magari.

Je, timu hiyo itarudi kuwa ile iliyokuwa ikiziogopesha timu za Nairobi? Sijui, na yeyote anayekuambia anajua anakudanganya. Vyuo vimekuwa vingi, vingine vinawalipia karo wachezaji bora, nasi hatuna uwezo huo. Lakini binti yangu hakuniuliza kama watatwaa kombe. Aliniuliza kama wanapoteza wakati. Jibu la swali hilo ninalo sasa. Timu yenye mtu wa mwaka wa tatu anayemfunza wa mwaka wa kwanza haijafa, hata ikifungwa kila Jumamosi. Na timu isiyo naye imekwisha, hata ikiwa na kombe kabatini.

Kwa hiyo, wewe mwanafunzi unayesoma haya, ukijiunga na timu, klabu ya mjadala au kwaya ya chuo chako, usiulize tu utapata nini. Uliza utamwachia nani. Nawe mzazi mwenzangu uliyewahi kuvaa jezi ya chuo fulani, kabla ya kulaumu usimamizi, angalia kwanza chini ya kitanda chako. Pengine kuna kitu cha watu.

Binti yangu anamaliza masomo mwakani. Juzi alikuja Kimbo tena, akiwa na daftari la kijani kwenye mkoba, maana ameanza kulinakili upya kwa kuwa karatasi zimechakaa. Nilimuuliza kama amekwisha kuchagua atakayemkabidhi. Akanitajia msichana mmoja wa mwaka wa kwanza.

"Anacheza vizuri?" nikauliza.

"Bado, Baba," akasema. "Lakini kila siku tukifika uwanjani tunamkuta ameshafagia."